Kondoo wa Suluhu

Theluji ilianguka polepole juu ya barabara iendayo mji wa Naryn. Aizirek, abiria aliyeegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha, hakuwa na hakika kama kondoo aliyesimama katikati ya basi dogo ni wa kweli au wa usingizini. Kondoo akapumua, mvuke ukamgusa goti. Wa kweli.

“Unampeleka sokoni, mama?” mzee mwenye kofia ndefu ya sufu alimwuliza mwanamke aliyeshika kamba ya kondoo. “Mimi pia nashukia huko.”

“Nampeleka kituoni. Namrudishia mkuu wa polisi.”

Aizirek akajifanya amelala, ili asikie vizuri. Yule mwanamke akaeleza bila kupandisha sauti: askari walimpiga risasi mwanawe mkubwa, Nurgazy, wakidhani ni mwizi wa farasi. Matanga hayajaisha, mkuu wao akaleta kondoo wa suluhu.

“Kondoo wa suluhu harudishwi!” mzee aling'aka. “Mtu mzima kaja kwako, kainamisha kichwa. Unataka nini tena?”

“Akakiinamishe mahakamani.”

“Hivi hao watu unawajua? Kesho watamfuata mdogo wa marehemu.”

“Ndiyo maana naenda leo.”

Basi likasimama mbele ya kituo cha polisi, kilichofifia ndani ya theluji kama kimechorwa kwa majivu. Kondoo akagoma kushuka. Mzee akainuka huku akinung'unika, akamsukuma kwa nyuma taratibu.

“Unakosea, mama. Nakwambia unakosea sana,” alisema, naye akashuka pia, ingawa sokoni kulikuwa bado mbali.