Micah Kipkorir, Aliyeudai Mkono wa Thuo

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 1958, Mzee Micah Kipkorir anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha mbao hapa Nakuru kwa miaka ishirini na tisa. Kamati ya wafanyakazi imeniomba mimi, Wasike wa karakana ya misumeno, niandike habari zake kwa ajili ya sherehe. Meneja mpya amesema tuandike tutakavyo, mradi tusiandike uongo. Neno hilo nimelishika. Kwa hiyo waliotazamia kucheka tangu mwanzo hadi mwisho wataniwia radhi.

Mzee Micah alizaliwa upande wa Sotik, akaja huku akiwa kijana kuchunga ng'ombe wa mzungu mmoja wa Molo. Mwaka 1929 aliajiriwa na kiwanda hiki kuswaga maksai waliokokota magogo kutoka msitu wa Elburgon hadi stesheni. Maksai hao, husema mwenyewe, walimsikiliza kuliko binadamu yeyote aliyewahi kumsimamia baadaye. Malori yalipoingia, maksai wakauzwa, naye akaletwa mjini kwenye msumeno mkubwa. Mwaka 1944 akafanywa nyapara, akapewa kofia ya kaki na nyumba ya mawe yenye vyumba viwili.

Wakubwa kwa wadogo tunaikumbuka baiskeli yake. Aliinunua kwa mbwembwe, akaipanda Jumapili kwenda kanisani, ikamtupa mtaroni mbele ya mchungaji na waumini wote. Hakuipanda tena. Lakini hakukubali kuiuza, na kwa miaka mingi alikuja kazini akiikokota kwa mkono, chakula chake kikining'inia kwenye usukani. Ukimwuliza, alijibu kwamba baiskeli nayo huchoka.

Kicheko hicho kilikoma Oktoba 1952.

Katika karakana yetu alikuwapo fundi aitwaye Thuo wa Kahiga, mzaliwa wa Subukia, mtu mpole aliyelisha mbao kwenye msumeno mkubwa. Mkanda wa mashine hiyo ulikuwa na kifuniko cha chuma. Kila mkanda ulipolegea ilibidi kifuniko kifunguliwe, na kazi ikasimama. Mwaka ule mbao zilitakiwa kwa wingi, na mwenye kiwanda wa wakati huo, ambaye tulimpa jina la Bwana Nyundo, aliamuru kifuniko kiondolewe kabisa. Micah alimwambia ni hatari. Bwana akasema ondoa. Micah akashika spana, akakiondoa.

Mkanda uliukamata mkono wa kulia wa Thuo asubuhi moja ya mwezi huo, tukiwa tumetoka tu kunywa chai. Nilikuwa upande wa pili wa meza. Sitaeleza yote niliyoyaona. Micah ndiye aliyeizima mashine, akaufunga mkono kwa shati lake mwenyewe, akampakia Thuo kwenye lori la mbao na kumkimbiza hospitali. Madaktari waliukata juu ya kiwiko.

Sheria ya kumlipa fidia mfanyakazi aliyeumia kazini ilikuwapo, ila wengi wetu tuliisikia kama mvua inayonyesha nchi ya watu wengine. Thuo alipotoka wodini alikwenda kwa Afisa wa Kazi kudai haki yake. Afisa akaandika kiwandani kuuliza ajali ilitokeaje. Siku hiyo Bwana Nyundo alimwita Micah ofisini. Mimi nilikuwa chini ya dirisha nikinoa misumeno, nikasikia.

"Micah, wewe tasema Thuo nakunywa pombe. Tasema yeye mwenyewe natoa ile kifuniko."

"Bwana, hakunywa."

"Mimi hapana uliza. Wewe nataka kuwa nyapara, ama hapana taka?"

Micah alitoka na kofia yake kichwani, akatupita bila kututazama. Tulidhani amekubali. Wenzetu Wakikuyu waliacha kumsalimia, na mimi pia nilianza kunywa chai yangu mbali naye.

Hali ya Hatari ilikuwa imeshatangazwa, serikali ikiwashuku Wakikuyu wote kuwa waasi. Mapema mwaka 1953 Wakikuyu walianza kuondolewa Bonde la Ufa kwa malori, shamba kwa shamba, kambi kwa kambi, na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali. Zamu ya akina Thuo ilipofika, mkewe Wachuka, aliyeitwa Mama Kahiga kwa jina la mwana wao wa kwanza, alikuja mbio hadi lango la kiwanda, mtoto mgongoni, akaomba aitiwe nyapara.

"Baba Cheptanui," alimwambia, "tunapelekwa rizavu sasa hivi. Baba Kahiga ameshapakiwa, na kidonda chake bado kinatoa maji. Sasa ile kesi?"

"Kesi haipakiwi kwenye lori, Mama Kahiga. Itabaki hapa."

"Itabaki na nani?"

"Na mimi."

Wachuka alimtazama kama anayepima uzito wa mzigo, kisha akakimbia kurudi asije akaachwa na lori lililowabeba watoto wake.

Bwana Nyundo alidhani mambo yamekwisha, maana mdai hayupo. Kumbe saa ya chakula Micah alikuwa akiikokota baiskeli yake hadi ofisi ya kazi. Alimweleza Afisa kwamba Thuo yuko hai, ana rizavu yake na chifu wake, na kwamba shahidi yupo. Mara ya kwanza aliambiwa asubiri. Alirudi. Aliambiwa faili iko kwa daktari. Alirudi tena. Siku zile, mtu wa kabila jingine aliyemfuatilia Mkikuyu alitazamwa kwa jicho baya na askari, na majirani pia walimwonya. Hata nyumbani hakupata nafuu. Mwenyewe ameniruhusu niandike alichoambiwa na mkewe, Mama Cheptanui.

"Ukisema umekitoa wewe, watakufunga. Usiposema, hakuna atakayejua. Watoto wako watakula nini, Micah?"

"Sijui watakula nini," alimjibu. "Lakini mkono ule niliufunga mimi. Naujua uzito wake."

Kesi ilisikizwa katikati ya mwaka 1953. Thuo hakupewa ruhusa ya kusafiri. Tuliitwa mashahidi watatu kutoka karakana. Wawili wetu tulisema hatukuona vizuri. Nilikuwa mmoja wao, na Mzee Micah analijua hilo, wala hajawahi kunilaumu. Kisha akasimama yeye, kofia mkononi.

Wakili wa kampuni alimwuliza nani aliyekiondoa kifuniko.

"Mimi."

"Kwa hiyo kosa ni lako?"

"Spana ilikuwa mkononi mwangu. Amri ilitoka kwa bwana, naye ni yule aliyeketi pale. Nilimwambia ni hatari. Nilipaswa kukataa, sikukataa."

"Na Thuo alikuwa amelewa?"

"Alikuwa amekunywa chai. Nilimmiminia mimi, kutoka birika langu."

Bwana Nyundo alikuwa mwekundu hadi masikioni. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, na mwishowe akaamua kwamba Thuo aliumia kazini bila kosa lake, na kampuni imlipe fidia kwa mkono alioupoteza.

Ingekuwa hadithi ya kutungwa, tungeishia hapo kwa vigelegele. Kazini Jumatatu iliyofuata Micah alivuliwa kofia. Bwana Nyundo hakumfukuza, maana wakili wake alimwonya kwamba itaonekana vibaya, ila alimpeleka kulinda lango na kumtaka ahame ile nyumba ya mawe. Familia ikahamia chumba kimoja mtaa wa Bondeni. Binti yake mkubwa, Cheptanui, aliyekuwa akisoma vizuri na akitaka kuwa nesi, aliacha shule mwaka huohuo. Leo anafua nguo za wanajeshi huko Lanet. Nilipomwuliza Mzee Micah kama niliandike hili la Cheptanui, alisema, "Liandike. Yeye ndiye aliyelipa."

Kitu kimoja kilibadilika kiwandani. Baada ya hukumu, vifuniko vilirudishwa kwenye mikanda yote, hata ile iliyokuwa haina tangu zamani. Vijana wanaofanya kazi leo na vidole vyao vyote huenda hawajui vilirudije.

Habari za Thuo hazikuja kwa miaka mingi. Mwaka jana Wachuka alipata pasi ya kusafiri ya siku chache, akaja Nakuru. Alisimama langoni akamwita, "Baba Cheptanui," na Micah, ambaye macho yake yameanza kufifia, alimtambua kwa sauti. Wakaketi kwenye benchi la mlinzi. Thuo alikuwa amefariki. Kidonda hakikupona vizuri, homa ikamwingia, akazikwa kijijini kabla fidia haijafika. Pesa zilipokuja hatimaye, Wachuka aliwalisha watoto nazo mpaka zikaisha.

"Alijua?" Micah alimwuliza.

"Barua ya Afisa ilifika kabla hajafa. Mwalimu alimsomea yale uliyosema mahakamani. Akaomba asomewe tena pale uliposema kuhusu chai."

"Akasema nini?"

"Alilia kidogo, akageukia ukuta, akalala."

Micah alimsindikiza hadi stesheni ya gari moshi. Aliporudi langoni, mimi niliyekuwa nimesikia baadhi ya maneno yao nikipita, nilimpelekea kikombe cha chai. Akakipokea, akasema, "Asante, Wasike." Sikustahili shukrani hiyo.

Kamati ilikuwa imekusudia kumpa Mzee Micah saa ya ukutani siku ya kuagana. Ameikataa kwa upole. Anasema huko Sotik anakorudi jua linatosha. Ameomba jambo moja tu: kabla jina lake halijatajwa katika sherehe, lisomwe kwanza jina la Thuo wa Kahiga, fundi wa msumeno mkubwa, na watu wote wasimame. Kamati imekubali. Meneja amekubali. Nimepewa mimi kazi ya kulisoma, na nitalisoma kwa sauti itakayofika hadi nje ya lango.

Mzee Micah, kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru kwa magogo uliyoyakokota na mbao ulizozisimamia, na kwa lile ulilolisema siku ambayo sisi tuliogopa kulisema. Mungu akufikishe nyumbani salama wewe na Mama Cheptanui. Mahindi yako yakubali udongo, ng'ombe wako wawe wengi, na uzee wako uwe mwepesi kuliko miaka uliyoibeba hapa kwetu.