Maji Yaliyokataa Kupata Moto

Saa tatu asubuhi, maji kwenye kompyuta ya Injinia yalipita ndani ya bomba la moto na kutoka baridi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kahawa, mkabala na karakana anakofanya kazi. Saa sita mkuu wake angetaka jibu: bomba alilolichora litayapasha maji joto la kutosha, au la? Mafundi walishaandaa misumeno, na chuma cha kukatwa kilikuwa kimoja tu. Wakongwe wa benchi, Rejeta anayeziba rejeta za magari na Wembe kinyozi, walisogea kuchungulia.

— Huu wavu uliouchora ni wa nini, dada? aliuliza Rejeta.

— Kompyuta hailijui bomba, kaka. Inahesabu joto tundu kwa tundu. Mimi naiwekea mipaka: hapa maji yanaingia, hapa yanatoka, huku nje kuna moto. Ila maji yanatoka baridi.

— Basi hewa imenasa. Legeza kifuniko.

— Kifuniko cha picha? alidakia Wembe. Maji yanakimbia mno hayo. Haraka haraka haina baraka.

— Nimeyapunguza mwendo. Yanatoka baridi vilevile.

— Punguza tena. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Wembe, kanyoe watu! alisema Rejeta. Sikia mashine inavyovuma. Feni yake ndiyo inayoyapoza.

— Feni ipoze maji ya kwenye picha?

— Si umesema mwenyewe hayana kifuniko?

Injinia alicheka, kisha akatazama saa. Hakucheka tena.

Mpangaji mpya wa ghorofani alikuwa nyuma yao, akisubiri kikombe.

— Samahanini. Huo mstari wa katikati ni wa bomba au wa maji?

— Wa bomba, alisema Rejeta.

— Wa maji, alisema Wembe.

Walimgeukia Injinia. Aliikuza picha. Mistari ilikuwa miwili, imelaliana: ukuta wa bomba na ukuta wa maji, kila mmoja na jina lake. Hakuwa ameiambia kompyuta kwamba kuta hizo mbili zinagusana. Joto lilifika ukingoni mwa chuma, likaishia hapo.

— Kumbe majirani wasiosalimiana, alisema Wembe.

Injinia aliziunganisha kuta hizo, akaanza hesabu upya. Rejeta aliomba feni izimwe kwanza. Alikataliwa.

Saa tano na nusu maji yalitoka na joto. Halikutosha. Injinia alivuka barabara, akawaambia mafundi wasikate.