Nilichowaficha Madaktari Kilionekana Kichwani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa Kwedizinga! Itikieni tena kwa nguvu, maana mdomo huu unaowasalimu ulikuwa hauwezi kutaja hata jina la mke wangu.

Mimi ni Baba Eliza wa Ngombezi, kule Korogwe. Kazi yangu kiwandani ni kupanga madaraja ya singa za mkonge, yaani nyuzi zake. Nipe singa chache tu mkononi, nitakwambia daraja lake, na sikosei! Kanisani mimi ndiye msomaji wa Neno. Mnanielewa ni mtu wa namna gani.

Majivuno hayo ndiyo yaliyoniponza. Zamani kidogo niliugua kifua kikuu, nikapewa dawa za miezi sita. Mwezi wa pili kikohozi kikakata, nikaanza kuona aibu kupanga foleni kwenye dirisha la dawa mbele ya watu wanaonijua. Nikaacha! Mke wangu nikamwambia nimemaliza dozi. Akachinja jogoo tumshukuru Mungu, nami jogoo nikamla bila haya.

Miaka ikapita. Mkono wa kulia ukaanza kushtukashtuka wenyewe, maneno yakawa yananikwama, mpaka siku moja nikaanguka kifafa kiwandani. Wapo waliosema nimerogwa. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, na madaktari wa hospitali kubwa ya Dar es Salaam wakahofia saratani. Wakaniuliza kama nimewahi kuugua kifua kikuu. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni. Nikatikisa kichwa kukataa! Fuvu linakwenda kufunguliwa, mimi bado nalinda heshima.

Waliniambia wazi: ikiwa ni saratani watakata sana, na uvimbe uko karibu na mahali panapotawala usemi. Huenda nisiseme tena. Nililia, ndugu zangu, mpaka usingizi wa dawa ukanichukua.

Lakini Mungu ana watu wake! Kichwa kikiwa wazi, daktari wa upasuaji alitoa kinyama kidogo kama punje ya mtama, akakipeleka maabara, akasubiri. Huko daktari mmoja mwanamke alikibana katikati ya vioo viwili, akakitia rangi, akakitazama kwa hadubini. Dakika chache tu! Akapiga simu chumba cha upasuaji: haoni saratani, anaona dalili za kifua kikuu. Basi hawakukata zaidi. Wakanifunga, na vipimo vya baadaye vikathibitisha maneno yake. Mimi ninayejisifu kwa singa, nimempata fundi wa kunizidi!

Nilipozinduka, daktari huyo akaja kitandani kwangu. "Shikamoo, mzee. Uliwahi kutumia dawa za kifua kikuu?"

Nikamtazama mke wangu. Nikasema, kwa shida, "Nilitumia, nikaacha. Mama Eliza, nilikudanganya."

Mke wangu aliinuka, akaondoka. Kesho yake alikuja na uji. "Dawa utameza mbele yangu," akasema. Nikameza mbele yake mwaka mzima, wala sikuruka hata siku moja! Kifafa kimekoma, na Neno nalisoma. Na yule daktari, ndugu zangu, ni binti wa Kerenge, huko huko Korogwe! Wa kwetu kabisa! Nimemsifia mpaka wenzangu kiwandani wameniomba nipumzike, na sipumziki.

Namshukuru Mungu, nawashukuru na majirani zangu Waislamu walioniombea dua. Na wewe uliyekaa hapo, uliyeficha dawa chini ya kitanda ukidhani umepona, mtumaini Bwana na uwaambie ukweli wale aliowapa ujuzi. Ukiona aibu, nifuate baada ya ibada. Kesho asubuhi nitakaa nawe kwenye benchi la zahanati, na muuguzi akiuliza nani amewahi kuugua kifua kikuu, mimi nitanyoosha mkono kwanza.