Kashata ya Ushahidi

Pale Manundu, ubavuni mwa mashine ya kusaga, kuna benchi linalojua siri za nyumba nyingi kuliko shehe na padri. Bi Mwantumu huuza hapo kahawa na kashata, mia mia tangu mwaka juzi, na bei hajaigusa. Alichogusa ni kisu. Karanga zilipopanda, akakata kashata nyembamba kidogo. Sukari ilipopanda, kidogo tena. Aliomba tu wateja wasione, maana wakihamia kijiwe cha stendi, kodi ya chumba ataitoa wapi? Asubuhi moja Semboja, wanayemwita Mizani kwa kuwa hupima mahindi sokoni, akachomoa karatasi mfukoni, akaifungua.

— Hii kashata niliificha tangu Idi. Bibi, lete ya leo.

Akazilaza sambamba. Bi Mwantumu akajidai anapuliza mkaa.

— Lo! Mama na mwanawe! — akasema Isihaka, yaani Redio, asiyepitwa na habari.

— Bibi, umetupunja? — akauliza Mizani.

— Mie? Karanga za siku hizi zinasinyaa zikipoa.

— Kweli kabisa, — Redio akadakia. — Zinapigwa dawa. Shemeji yangu wa Handeni kaziona zikinywea ndani ya gunia!

— Acha ushamba, — akasema Benedicto, ajiitaye Wakili tangu ashinde kesi ya mbuzi. — Ni njama. Sabuni imepungua, mkate umepungua. Kuna watu wamejifungia chumbani na rula. Hata noti ya elfu kumi wameifupisha, nimeipima!

— Uliipata wapi wewe? — akauliza Redio.

Wakacheka, ila Mizani hakucheka.

— Bei ile ile, kitu kinapungua kimya kimya. Huko ni kuibiwa huku unatazamwa usoni. Kesho mimi nakunywa stendi.

Bi Mwantumu akaacha kupuliza mkaa.

Kando yao alikuwa amesimama mama mmoja aliyeteremka kutoka Dindira, anasubiri unga wake.

— Shikamooni wazee. Naomba kuuliza. Hela ya matumizi mliyoacha nyumbani leo, ni ile ile ya mwaka juzi?

Redio akazimika. Wakili akainama kufunga kamba za viatu, naye kavaa kandambili. Mizani akazitazama kashata mbili, akaitia mdomoni ile ya Idi, ngumu kama kokoto, akatafuna, akatafuna.

Bi Mwantumu akamsogezea kikombe, kimejaa mpaka ukingoni.

— Teremshia, baba. Ya stendi utakunywa kesho.