Wa Mwisho Akifika, Ndipo Tumefika

Ijumaa, tarehe 30 Mei. Manyunyu asubuhi, jua kuanzia saa nne. Siku hiyo mkuu wa kitengo chetu cha makadirio, ambaye jengo zima linamwita Mama Foleni, alirudisha kitambulisho chake cha kazi na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Aliingia hapa akiwa fundi wa mitambo ya simu, binti mwembamba mwenye bisibisi mfukoni. Ametoka akiwa mtu ambaye mkurugenzi humuuliza kabla ya kuahidi lolote.

Wenzetu wa ghorofa za chini hawachoki kutuuliza kule juu tunafanya nini hasa. Ni hivi: mteja akihama kampuni ya simu na kubaki na namba yake, badiliko hilo huandikwa kwanza katika kanzidata kuu iliyo kwetu, kisha hutumwa kwenye kanzidata ya kila kampuni ili zote zilandane. Kampuni moja ikichelewa kulipokea, wateja wake wakimpigia aliyehama, simu huenda alikotoka na kufia huko. Kazi ya Mama Foleni ilikuwa kukadiria badiliko litachukua muda gani kufika kote. Ukimpelekea wastani, alikurudishia karatasi yako kwa upole na swali lake lilelile: na wa mwisho amefika?

Kila aliyeajiriwa kwetu amewahi kuwa kanzidata. Mama Foleni aliwapanga waajiriwa wapya kwenye korido, kila mmoja akawa kampuni yenye daftari lake, naye akawa kanzidata kuu, akigawa vikaratasi vya namba zilizohama. Mgeni mmoja aliyewakuta wahandisi wamesimama ukutani alimuuliza mlinzi wamekosa nini. Mlinzi akamjibu kwamba hawajakosa kitu, wanalandanishwa.

Zoezi hilo ndilo lililotuokoa. Wakati huo huduma ya kuhama na namba ilikuwa karibu kuzinduliwa, mabango yametundikwa, wageni wamealikwa. Makadirio yalikuwa tayari na saini ya Mama Foleni ilikuwa chini yake: badiliko lingefika kote kabla chai haijapoa kikombeni. Kwa kuchangamsha siku, akawapanga kwenye korido watu wa uhasibu. Katikati ya zoezi mhasibu mmoja akaitwa kwenye simu. Aliporudi alikuta rundo la vikaratasi kwenye kiti chake, na kwa kuwa sharti ni kuandika kwa mpangilio, alianza na cha kwanza. Vipya viliendelea kuja kwa kasi kuliko alivyoweza kumaliza. Akalalamika, "Jamani, mnanizika nikiwa hai." Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Mama Foleni hakucheka.

Makadirio yake yalidhani kanzidata zote ziko macho wakati wote. Ile inayozimika kisha ikarudi hakuwa ameihesabu. Alirudi mezani, akapiga hesabu upya, na jibu likawa baya: kampuni ikilala asubuhi moja tu, foleni yake ingezidi kurefuka na wateja wake wangepotelewa na simu kwa siku kadhaa.

Alasiri hiyohiyo akapanda kwa mkurugenzi kuomba uzinduzi usogezwe wiki mbili. Mkurugenzi alimkumbusha mabango, akamkumbusha wageni, mwisho akamwonyesha karatasi. "Mama, makadirio haya umeyatia saini mwenyewe."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe kuyafuta," alijibu.

Wiki mbili akapewa, shingo upande. Mabango yakashushwa mchana kweupe, na kwenye lifti wapo waliosema kwamba mama amejimaliza. Yeye na kikosi chake wakajifungia na kazi. Walichokipata kilikuwa chepesi kueleza, kigumu kukifanya: kanzidata iliyozimika ikirudi, isilishwe kikaratasi kimoja kimoja. Ipewe kifurushi kimoja chenye hali ya mwisho tu ya kila namba, na mabadiliko mapya yasubiri nyuma yake.

Siku ya uzinduzi, namba ya kwanza kuhama ilikuwa ya mama mzazi wa Mama Foleni, fundi cherehani, ambaye namba yake imepakwa rangi kwenye mlango wa kibanda chake tangu wengi wetu hatujaajiriwa. Kabla ya adhuhuri kampuni moja ikakatikiwa umeme na kanzidata yake ikanyamaza. Chumba kizima kikamgeukia Mama Foleni. Naye alikuwa ameukazia macho mstari mmoja mwekundu kwenye skrini, sahani ya chakula ikipoa pembeni. Kanzidata ilipowaka tena ilimeza kifurushi chake, na mstari ukageuka kijani. Hakuna aliyethubutu kupiga makofi mpaka simu ya mezani ilipolia. Alikuwa mama yake, na sauti ilisikika chumba kizima: "Mwanangu, mteja wangu wa mapazia kanipata. Sasa nenda ukale."

Mteja huyo alikuwa wa kampuni ileile iliyozimika.

Tangu hapo, hakuna makadirio yanayotiwa saini kwetu kabla mtu mmoja hajatolewa kwenye mstari wa koridoni na kurudishwa. Kanuni hiyo imo kwenye mafunzo yetu, na kampuni za nje zimekuja kujifunza kwenye korido yetu. Mhasibu wetu anadai mpaka leo kwamba mvumbuzi ni yeye, na Mama Foleni hajawahi kumkanusha.

Kwa miaka yote hiyo simu ya zamu ya usiku ililala kando ya mto wa Mama Foleni. Mumewe hutania kwamba ameoa mke na mtambo. Ijumaa aliikabidhi simu hiyo mbele yetu sote, baada ya kukagua kama ina chaji.

Mama, asante kwa kutufundisha kumngoja wa nyuma. Tunakutakia siku nyepesi, afya, na chakula kinacholiwa kikiwa moto.

Jumamosi asubuhi mumewe alitutumia ujumbe mfupi: "Wa mwisho amefika. Jana kalala saa mbili na nusu, taarifa ya habari haijaisha."