Mikono ya Mzee Modesti

Basi la Sikonge lilikuwa halijatoka stendi ya Tabora, na abiria wote tulishajua kwamba mzee Modesti, mkulima wa tumbaku, amepigwa eksirei ya kifua asubuhi hiyo, na kwamba hatambeba mjukuu wake mchanga kwa siku tatu. "Mionzi ni kama gundi ya tumbaku," alisema. "Inabaki mikononi, unampaka mtoto."

Dada aliyekaa naye, mpiga picha za eksirei wa hospitali nyingine, alimwonyesha kidude kilichobanwa kwenye kola yake. "Baba, hiki kinapima mionzi inayonipata kazini, nimesahau tu kukivua. Ingekuwa inaganda, si ningeshawapaka wanangu wote wanne? Yako haikufika hata sehemu ya kumi ya milisiveti moja, kipimo chetu cha mionzi. Udongo na anga vinakupa kiasi hicho kwa wiki mbili, umejikalia nyumbani. Imepita, imekwisha, kama jua ukishaingia ndani."

Mzee aliigeuza mikono yake, akaitazama. "Basi siku mbili."

"Hata moja, baba."

"Kisogeze hapa mkononi, kiseme chenyewe."

"Hakisemi. Kinasomwa maabara kila miezi mitatu."

"Ona sasa! Wewe unasubiri miezi mitatu, mimi nanyimwa siku mbili!"

Hapo, kusema kweli, mzee alinivuta upande wake.

Basi liliposimama Sikonge, binti yake alikuwa ameshamwinua mtoto hadi dirishani. Mzee akaukumbatia mfuko wake wa dawa kwa mikono yote miwili. Yule dada akamnyang'anya mfuko.