Hakukuwa na Jini Katika Lori la Karisa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza mmeiitikia kama watu wenye homa.

Nashukuru kupewa nafasi hii nisimame, ingawa kusimama kwenyewe siku hizi ni kazi. Wanaonijua wananijua. Mimi ni Kadzo, Mama Neema, muuza mahamri wa hapa Mishomoroni, mjane wa Charo. Mchungaji ameniita nishuhudie jinsi Mungu alivyonitoa mbele ya lori nikiwa hai. Nitashuhudia. Lakini nimesikia tangazo kwamba nikimaliza mimi, ndugu yetu Karisa, dereva wa lori lile, ataletwa hapa mbele akemewe jini amtoke. Basi nawaambia mapema kilichonileta. Nimekuja kuwasihi msimfanyie hivyo. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mtaamua wenyewe.

Mnakumbuka mambo yalivyoanza. Karisa alipewa lori na tajiri wake, lori lililotumika Japani likaletwa huku, abebe mawe ya ujenzi kutoka Mwakirunge kupeleka Changamwe. Tulifurahi naye. Haukupita muda akaanza kukonda. Akatuambia kwenye maombi ya Jumatano kwamba lori lile lina mwenyewe. Yuko kwenye foleni, anakwenda polepole, mbele haoni kitu, mara sauti ya mwanamke inasema ndani ya kabini kwa lugha isiyojulikana, na breki zinajifunga zenyewe! Lori zima linatikisika, mawe yanagongana kule nyuma.

"Na mbele hakuna mtu, Mchungaji! Hakuna mtu!" Namkumbuka alivyolia, mwanamume mzima, akisema kwamba juu ya kioo cha mbele kuna kidude cheusi kama jicho, nacho kinamtazama kutwa.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Pwani. Tukiambiwa habari ya mwanamke asemaye asiyeonekana, hatuulizi swali la pili. Lori likaletwa hapa nje. Tukalizunguka tukiimba. Mafuta yakapakwa milango, magurudumu, usukani. Na lile jicho likafunikwa kwa kitambaa chekundu cha upako, kikabandikwa kwa gundi kali ili jini asione tena njia. Vigelegele vilivyovuma kuliko vyote siku ile vilikuwa vyangu. Sauti hii mnaijua.

Jumapili iliyofuata Karisa alisimama hapa nilipo akashuhudia. Yule mwanamke amenyamaza! Breki hazijifungi tena! Akasema tangu siku ile kuna taa ndogo ya njano imewaka kwenye dashibodi na haizimi, nasi tukasema hiyo ni ishara. Tuliruka, tulicheza, wengine walilia kwa furaha. Madereva wengine wa kanisa hili wakaomba vitambaa kama kile, wakapewa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe, na Mungu anipe nguvu.

Ilikuwa mchana, jua limewaka, hakuna mvua, hakuna vumbi la kuziba macho. Charo alikuwa akinipeleka Changamwe kuchukua unga katika gari letu dogo. Barabara ilijaa malori kama kawaida yake. Na mnajua tunavyoendesha sisi. Lori likiacha nafasi kidogo mbele yake, sisi wa magari madogo tunaona tumeachiwa sisi. Charo alitazama upande, akaliona lori la Karisa, akalitambua kwa rangi yake. Akacheka. Akaniambia, "Ah, si huyu ni wa kwetu! Huyu atatupisha." Akapenyeza gari, akaingia mbele ya lori karibu kabisa, hata akatoa mkono dirishani kumshukuru.

Alikuwa anamshukuru mtu asiyemwona.

Foleni ikasogea. Sikusikia mshindo mkubwa kama mnavyofikiri. Nilisikia kama mtu anayesukuma kabati sakafuni. Gari letu likageuka ubavu, upande wa Charo ukawa ndio unaotazamana na lori, na lori likaendelea kuja. Liliendelea kuja, ndugu zangu! Bati lilikuwa linaingia ndani taratibu huku ninalitazama. Charo alibonyeza honi asiiachie. Lakini Changamwe, nani husikiliza honi? Ndipo akaanza kuita. Hakumwita Mungu kwanza, naomba mnielewe. Alimwita mtu aliyemjua.

"Karisa! Karisa, ni sisi! Karisa!"

Watu wakakimbia kando ya lori wakipiga ubavu wake kwa mikono, naye Karisa akadhani ni wale wanaomgombeza kila siku kwa kuwabana. Aliyetuokoa ni mtu mmoja anayeziba pancha kando ya barabara. Baadaye nililijua jina lake, ni Salim. Yeye hakupiga ubavu wa lori. Alikimbia mbele, akatupita, akasimama mbali kidogo katikati ya barabara, mikono juu, mahali ambapo mtu aliye juu kule angeweza kumwona. Kama Karisa asingesimama, gari letu lingesukumwa mpaka juu yake Salim.

"Simama! Simama wewe! Una watu chini yako, wallahi! Una watu!"

Lori likasimama. Mungu alinitoa kwa mkono wa mtu ambaye hatusali naye nyumba moja, na jina lake nataka litajwe hapa madhabahuni. Salim. Mungu ambariki yeye na watoto wake.

Charo alikuwa amenigeuzia uso. Walipokuja na vyuma vya kukatia mlango alikuwa ameshaondoka. Mimi waliniondoa mguu huu hospitali, hapa chini ya goti, mnauona.

Sitapamba maneno. Nilimchukia Karisa. Niliamka nikimchukia, nikalala nikimchukia. Wauguzi walidhani nasali, kumbe midomo yangu ilikuwa ikimlaani. Nanyi mlikuja kunitazama, Mungu awalipe, mkaniambia jini amerudi kulipiza kisasi. Hilo nalo nililiamini, na lilinitisha kuliko jeraha. Kama jini anaweza kurudi baada ya maombi yale yote, basi mimi nimebaki na nini?

Ndipo akaja afisa wa polisi anayekagua magari, kuchukua maelezo yangu. Akaniuliza, "Mama, kile kitambaa chekundu kwenye kioo cha lori, unajua ni cha nini?" Nikamweleza kila kitu, hata vigelegele. Akaweka kalamu chini.

Akaniambia, "Mama, hakuna jini. Yale malori ya siku hizi yamewekewa breki ya kujifunga yenyewe. Lile jicho ni kamera. Likiona mtu au gari mbele, linatoa onyo, na dereva asiposhika breki, lori linashika lenyewe. Lile limetoka Japani, basi na onyo lake ni kwa Kijapani. Yule mwanamke alikuwa akisema, hatari mbele."

"Lakini Karisa alisema mbele hakukuwa na mtu," nikamjibu.

"Watu walikuwapo, mama. Bodaboda, mkokoteni, mtoto wa shule. Dereva ndiye hakuwaona. Kamera iliwaona."

Nikamuuliza, kisingebandikwa kile kitambaa, Charo angekuwa hai? Akasema hawezi kuapa. Mliingia karibu mno, akasema, na mashine nayo ina mipaka yake. Lakini ile taa ya njano ilikuwa ikisema kwamba kamera haioni.

Ndugu zangu, mngedhani baada ya hapo nilipoa. Wapi! Chuki ilipata mahali papya pa kukaa. Nikamchukia Mchungaji. Nikawachukia ninyi. Nikauchukia mdomo wangu huu. Na Mungu nikamwuliza kwa nini alituacha tuimbe. Sikumwomba tena. Nilinyamaza naye kama unavyonyamaza na mtu mliyegombana naye nyumba moja.

Nilipotoka hospitali nilimwomba yule afisa aniruhusu nilione lori, lilikuwa bado katika uwanja wa polisi. Nilitaka kukaa pale Karisa alipokaa, ili nijue alikuwa akitazama nini wakati mume wangu anamwita. Nilitaka nimkute na hatia, nisiwafiche. Shemeji yangu na askari mmoja wakaninyanyua mpaka kwenye kiti cha dereva. Nikashika usukani. Dada yangu Dama alikuwa chini, amejifunga leso ya manjano ile inayoonekana toka ng'ambo ya pili. Nikamwambia, "Dama, nenda usimame mbele ya lori."

Nikangoja. Nikamwita, "Dama, uko wapi? Nenda mbele, nimesema!"

Akaitika, "Niko hapa mbele! Nimegusa lori kwa mkono!"

Sikumwona. Niliinua shingo nisione leso, nisione kichwa, nisione hata mkono. Niliona uwanja mtupu, mkavu, umejaa jua. Mbele hakuna mtu. Yale maneno ya Karisa yakanijia, naye hakuwa ametudanganya hata siku moja. Alikuwa anasema kile alichokiona.

Hapo ndipo Bwana aliponikuta. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Nililia mpaka nikaloweka ule usukani, na katika kulia kule ile chuki ikanitoka, sijui ilipitia wapi. Niliingia mle nikiwa mfungwa, nikatolewa nikiwa mtu huru. Jina la Bwana lihimidiwe! Mguu haukurudi. Charo hakurudi. Usiku kitanda bado ni kipana. Lakini yule aliyekuwa ananila ndani ameondoka, na huyo, kama ni mashetani mnatafuta, ndiye shetani pekee niliyepata kumjua katika habari hii.

Nikamfuata Karisa kwake. Ametolewa kwa dhamana, kesi iko mahakamani, na mahakama itafanya kazi yake. Nilimkuta peke yake. Mkewe amechukua watoto kaenda kwao, anaogopa huyo jini. Akakataa nimkaribie. Akanyoosha mikono, akasema, "Dada Kadzo, usije karibu, asije akakuhamia." Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamweleza yote. Kamera, Kijapani, taa ya njano, Dama na leso yake. Nilidhani atafurahi, mimi mjinga.

Akaniambia, "Afadhali angekuwa jini."

Akasema tena, "Afadhali angekuwa jini, Kadzo. Akiwa jini, ni yeye aliyemuua Charo."

Mnaelewa sasa kwa nini amekubali kuletwa hapa leo? Hakuja kwa sababu anaamini. Amekuja kwa sababu hawezi kuubeba ule ukweli peke yake. Nasi tuko tayari kumwekea mikono, tumpigie kelele, tumwagie mafuta, tumrudishe nyumbani na ule uongo, ili sisi nasi tusiwe na la kujibu. Mchungaji, nakuheshimu, wewe ndiye uliyeniombea nikapata Neema. Sikusemi wewe peke yako. Nasema sisi. Jicho lile tulilifunga wote, tena kwa nyimbo.

Ndugu zangu, mimi nawaalika mumtumaini Bwana, tena kwa moyo wote. Mtumainini! Niliyoyapitia bila yeye nisingefika hapa. Lakini kumtumaini siyo kuogopa kila tusichokifahamu. Kama umepewa gari usiloelewa linasema nini, uliza. Omba, kisha uliza. Ukiwa katika gari dogo usiingie mbele ya lori kwa kuwa dereva ni ndugu yako. Undugu hauonekani kutoka kule juu. Na ninyi madereva mliopewa vitambaa, nawaona, mko hapa, malori mengine yameegeshwa ukutani hapo nje. Tokeni mkavibandue sasa hivi, msingoje ibada iishe. Hakuna atakayewacheka. Mungu hatakasirika. Nendeni.

Asanteni. Wanatoka. Mungu awaone.

Na wewe, Karisa. Nakuona umekaa kwenye benchi la nyuma, na benchi zima liko tupu, hakuna aliyethubutu kukaa nawe. Usije huku mbele, ndugu yangu. Huna cha kutolewa. Charo alikuita kwa jina na hukumsikia, si kwa kuwa ulikataa. Leo nakuita mimi, na najua unanisikia. Kaa hapo hapo, nisogezee nafasi kidogo upande wa ukutani, nipate mahali pa kuegemeza magongo.

Nipisheni njia, jamani. Naenda kukaa naye.